Mitungi mnaihesabu, moshi hamuupimi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji kimoja cha milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto, upande wa Mlalo. Nina miaka hamsini na mitatu, na nimepika kwenye mafiga matatu tangu nikiwa binti wa kutumwa maji. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue kwamba moshi ninaouzungumzia si wa kusimuliwa.

Nimekuwa nikisoma humu habari za kugawa mitungi ya gesi kwa bei ya ruzuku. Picha ni ile ile: kina mama wamepanga mstari, kila mmoja na mtungi wake wa kilo 6 na kichomeo juu yake, kiongozi kasimama katikati. Chini ya picha huandikwa idadi ya mitungi. Sijasoma hata siku moja idadi ya pili, ile ya kutuambia moshi umepungua kiasi gani katika majiko ya hao kina mama. Hiyo ya pili ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Sipingi gesi, asije mtu akanisingizia. Mtungi ninao na ninaupenda. Asubuhi nachemsha chai kabla mjukuu hajavaa viatu vya shule. Mgeni akija ghafla sihangaiki kutafuta vijiti vya kuwashia. Lakini kwetu chakula ni makande, na mahindi makavu na maharage hayana huruma. Unayainjika saa tisa alasiri, yanaiva jua limeshazama. Ukiyapikia gesi, mtungi haumalizi mwezi, na kujaza ni safari ya bodaboda hadi mjini kwa hela ambayo ingenunua unga. Basi chai kwenye gesi, makande kwenye kuni. Na mwezi wa sita na wa saba huku kwetu baridi inauma mpaka kwenye meno. Hakuna bibi anayeuota moto wa gesi.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hawaliulizi. Juu ya mafiga tunaweka dari la miti, na juu ya dari hilo hukaa mahindi ya mbegu na ya akiba. Moshi ndio unaofukuza fukusi na dumuzi. Mama mkwe wangu alinifundisha kwamba jiko lisilotoa moshi ni ghala lisilo na mlinzi. Leo ukinishauri nizime kuni kabisa, nitakuuliza mahindi yangu utayawekea nini. Dawa ya dukani ipo, lakini nayo ina bei yake.

Kwa hiyo katika daftari la serikali nyumba yangu imeshaingia kwenye nishati safi. Ukiniuliza kifuani, nakohoa.

Sasa niwaeleze kwa nini nazungumzia kupima. Miaka michache iliyopita lilikuja kundi la watafiti kijijini, na mimi nikapewa kazi ya kuwaongoza nyumba kwa nyumba. Sitalitaja kundi, maana walikuwa vijana wenye adabu na walikula kwangu. Walikuja na vifaa vidogo vyeupe vya kutundika ukutani. Kijana mmoja alinieleza vinavyofanya kazi. Ndani kuna feni ndogo inayovuta hewa, na mbele ya hewa hiyo unapita mwanga wa leza. Chembe ya moshi ikipita inautawanya ule mwanga, na kifaa kinahesabu. Chembe wanazotafuta wanaziita PM2.5, kwa kuwa upana wake hauzidi sehemu mbili na nusu za elfu za milimita. Unywele mmoja wa kichwa una unene wa zaidi ya mara ishirini ya hapo. Ndiyo maana pua haizizuii, zinateremka hadi chini kabisa ya mapafu.

Kifaa kilikuwa kinanguruma kidogo na kuwaka kijitaa cha kijani usiku. Kina mama wakakiita mdudu. "Mdudu wangu leo kalala," mmoja ananiambia kisimani. Kwa kweli alikuwa amelala, maana kijana wake wa kiume alichomoa ile betri akachajia simu.

Vituko havikuishia hapo. Mama mmoja, msafi kuliko wote kitongojini, aliona kifaa kinashika masizi, akakifunika kanga. Siku mbili nzima hewa ya jiko lake ikasomeka safi kama ya kileleni Magamba. Mwingine alihamishia sufuria nje kwa wiki yote, kwa heshima ya mgeni, na kifaa kikarudi siku ya nane na yeye akarudi ndani. Mzee mmoja alikataa kabisa, alidhani ni kamera. Kuna nyumba ambayo gesi ilitumika siku zote saba za kupimwa, makande na yote, halafu mtungi ukaisha na ukawekewa debe la unga juu yake mpaka leo. Nayaeleza haya kwa sababu anayedhani kupima ni kutundika kifaa na kuondoka hajawahi kuingia jikoni kwa watu.

Wale vijana walikuwa na maelekezo yao ya karatasi. Kifaa kikae mita moja kutoka kwenye moto, urefu wa sentimita 145 kutoka sakafuni, na mita moja na nusu mbali na mlango au dirisha. Tuliingia jikoni kwa jirani yangu na futi ya fundi. Jiko lina hatua tatu kwa nne. Ukijitenga na mlango mita moja na nusu, umekaa kwenye mafiga. Tukacheka, wakakitundika walipoweza.

Lakini ile sentimita 145 ilinikera zaidi. Huo ni urefu wa pua ya mtu aliyesimama. Nani anapika amesimama kwetu? Tunakaa kwenye kigoda. Moshi wa kuni unapanda, unagota kwenye paa, kisha unashuka na kutanda kama shuka, na sehemu ya chini inabaki na hewa kidogo. Mgeni akiingia jikoni kwetu huambiwa upesi, "Kaa chini, mwanangu." Wengi hudhani ni ukarimu tu. Ni kwamba akiendelea kusimama atalia machozi. Kwa hiyo kifaa cha ukutani kinaweza kusoma moshi mwingi kuliko anaouvuta mama aliyekaa. Halafu moto unafifia, mama anainama, anasogeza uso shubiri mbili kutoka kwenye kuni mbichi na kupuliza. Hapo anavuta moshi ambao ukutani haujafika bado. Kifaa hakijui kama ameinama au ametoka kuchuma mboga.

Nilipomsimulia hilo mpwa wangu anayesoma Morogoro, aliniambia kwamba si mimi wa kwanza kuliona. Kenya, huko Mpala, Laikipia, watafiti wa miaka ya 1990 walikaa na kaya 55, wakapima moshi na wakaandika pia nani yuko wapi saa ngapi, nani karibu na moto, nani nje. Wakaona kwamba ukichukua wastani wa hewa ya chumba peke yake, unahesabu moshi mdogo kuliko anaouvuta mwanamke, kwa kuwa yeye yuko karibu na moto hasa zile dakika moshi unapofumka. Matokeo yao yalitoka 2001. Ni zamani hivyo, na bado tunatundikiwa vifaa ukutani.

Wastani nao una hila yake. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango linachoshauri: mikrogramu 15 za chembe hizo katika mita moja ya ujazo ya hewa kwa saa 24, na 5 kwa wastani wa mwaka. Jioni moja nilikuwa jikoni kwa jirani, kuni za mkaratusi zimelowa mvua, na kijana akanionyesha kwenye simu yake namba iliyokuwa ikisomwa wakati ule. Ilikuwa na tarakimu nne. Mtoto wa mgongoni alikuwa analia, mama anapepea moto kwa mfuniko wa sufuria. Baadaye usiku moto ukizimwa namba inashuka, na alfajiri inakaa chini kabisa. Ukizichanganya zote ukagawanya kwa saa 24, ile jioni inapotea. Sisi wa milimani tunajua hesabu ya namna hiyo: mvua ya mwaka kwa wastani ni manyunyu, ila mlima uliporomoka kwa mvua ya usiku mmoja.

Na kile kifaa kina udhaifu mmoja ambao kwetu ni mkubwa. Hakitofautishi moshi na ukungu. Asubuhi ya Usambara ukungu unaingia mpaka mlangoni, na mdudu anauhesabu kama moshi. Mvuke wa sufuria vilevile. Ndiyo maana katika nyumba chache waliweka pia pampu yenye kichujio, kiduara cheupe kinachopimwa uzito kabla na baada kwenye mizani ya maabara, ili wajue namba za leza wazisahihishe vipi. Nikuambie ukweli, Mhariri, namba za kwenye simu hazikumshtua mtu. Kile kichujio ndicho kilichowanyamazisha. Kiliingia cheupe kama karatasi ya daftari, kikatoka cheusi baada ya siku moja tu. Mama wa ile nyumba alikigeuza geuza ndani ya kisahani chake, akauliza kama kinafuliwa.

Walimaliza, wakaaga, wakaondoka na namba zote. Hawajarudi. Simlaumu mtu, labda fedha ziliisha, labda ripoti ipo mahali imeandikwa kwa lugha ambayo sisi hatuisomi. Ila ni mimi ninayebaki hapa. Kila nikienda kupima watoto uzito naulizwa, "Yule mdudu wetu alisemaje?" Nimejibu mara nyingi mpaka nimeona haya.

Sasa nirudi kwenye mitungi. Mei 2024 Rais Samia alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, na lengo lake ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Lengo zuri. Swali langu la kijinga ni hili: huyo atakayehesabiwa kuwa "anatumia" ni nani? Ni mwenye mtungi, au ni mwenye hewa safi? Maana mimi nina la kwanza, la pili sina.

Jirani zetu wamelipima hili na majibu yao hayakuwa ya kupiga vigelegele. Rwanda, wilaya ya Kayonza, ilikuwa moja ya sehemu nne za utafiti mkubwa pamoja na Guatemala, India na Peru. Walichukua wajawazito 3,200, nusu wakapewa jiko la gesi na gesi ya bure kwa miezi 18, ikiletwa mpaka nyumbani. Kina mama walivaa kifaa mwilini, si ukutani. Wale wa gesi, mama wa katikati ya kundi alivuta hewa yenye mikrogramu 24 za chembe katika mita ya ujazo, wale waliobaki na kuni karibu 71. Moshi ulipungua kweli. Lakini uzito wa watoto waliozaliwa, katika matokeo ya 2022, haukutofautiana kwa kiasi cha kuhesabika. Na hata hiyo 24, kwa gesi ya kuletewa mlangoni, bado iko juu ya ile 15 ya Shirika la Afya Duniani.

Malawi nako waligawa majiko ya kuni yenye feni, yanayochoma vizuri zaidi, wakafuatilia watoto zaidi ya 10,000. Mwaka 2016 wakatangaza kwamba homa ya mapafu haikupungua. Waliowagawia wangehesabu majiko tu wangeandaa sherehe. Kwa kuwa walihesabu wagonjwa, walilazimika kujiuliza moshi mwingine unatoka wapi: taka zinazochomwa uani, sigara, taa, jirani.

Jirani, hasa. Mtu akitaka kuelewa, aje asimame barabarani juu ya bonde letu saa kumi na mbili na nusu jioni. Kila paa linatoa moshi wake, na baridi ikishuka moshi hauendi popote, unalala bondeni mpaka huoni minazi ya msikiti. Naam, minara, si minazi, mnisamehe, naandika kwa mkono na sitaki kurudia ukurasa. Nyumba yenye gesi na nyumba ya kuni zinavuta kitu kimoja. Ndiyo maana kumpima mama mmoja jikoni hakutoshi. Kipimwe kitongoji, ndani na nje, jioni na alfajiri, kiangazi na wakati wa vuli kuni zikiwa mbichi.

Na wasisahau mkaa. Wakati wa baridi kuna wanaoingiza jiko la mkaa chumbani wakidhani ni salama kwa sababu halina moshi. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na kifaa cha kuhesabu chembe hakiioni kabisa. Inahitaji kifaa chake. Hili nalisema kila msimu, na kila msimu nalirudia.

Nani atapima? Sisi tupo. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 umekusudia watu 137,294 nchi nzima, wawili kila kitongoji na wawili kila mtaa. Tunaingia nyumba hizo hizo, tunapima mkono wa mtoto kwa utepe, tunajua nani ana mtungi na nani kaufunika debe. Nipeni kifaa kimoja cha kuzunguka nacho katika kata. Nipime nyumba kabla mtungi haujafika, nipime tena mtungi ukishaisha mara mbili, kwa sababu hapo ndipo utajua kama umejazwa au la. Nimvalishe mama kifaa kwenye nguo kwa siku moja, nimwambie apike kama kawaida yake, na nirudi mara ya tatu na ya nne mpaka azoee asinipikie nje kwa heshima. Kimoja kibaki kwenye ukuta wa zahanati, kingine shuleni. Waganda pale Makerere, Kampala, wana mradi wao wa AirQo uliokuwepo tangu 2015, vifaa wanatengeneza wenyewe, vingine wamefunga kwenye bodaboda zikazunguka mji. Bodaboda kwetu zimejaa.

Halafu majibu yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili, na yabandikwe ubao wa ofisi ya mtendaji pale yanapobandikwa majina ya waliochanga. Mwenye nyumba aambiwe namba yake faraghani kwanza. Kuna wanaume hapa ambao hawajawahi kuingia jikoni wakati wa kupika, na wao ndio wanaoamua kama hela ya mwezi huu itajaza gesi au itanunua vocha na mengine. Nataka wakione kile kiduara cheusi.

Vuli imeshaanza huku, kuni zimelowa. Kama kuna mwenye kifaa miongoni mwa wasomaji wenu, serikalini, chuoni au popote, jiko langu liko wazi na nina kigoda cha pili. Namwomba kitu kimoja tu: asije saa nne asubuhi na kuondoka saa sita. Aje alasiri, makande yakiwa yameshainjikwa, alale, na kabla hajaondoka aniachie nakala.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii,
Lushoto, Tanga
(Jina nimelituma kwa mhariri)